Meza Kwanza, Mashine Baadaye

Nyumba nyingi zinazojengwa leo pembezoni mwa miji yetu, kuanzia Goba na Kibaha hadi Kitengela na Ruiru, zina banda la gari ambalo gari haliingii. Gari hulala uani, na bandani hujazana makopo ya rangi, vipande vya bomba, magodoro ya zamani na vigae vilivyobaki wakati wa kuweka sakafu. Halafu mwenye nyumba huamua kuligeuza banda hilo kuwa karakana. Pengine amestaafu na anataka kutengeneza samani, pengine ni kijana aliyehitimu mafunzo ya ufundi VETA na hana kodi ya fremu, au ni mfanyakazi wa ofisini aliyechoka kumwita fundi kwa kila bawaba inayolegea. Uamuzi huo ni mzuri, nami nauunga mkono kwa moyo wote. Tatizo ni hatua inayofuata, kwa sababu wengi huanza kwa kununua mashine: grenda, msumeno wa umeme, mashine ya kuchomelea, kompresa. Hoja yangu ni kwamba huko ni kuanzia mwisho. Karakana ya nyumbani hujengwa kwanza kwa vitu visivyo na mota, yaani meza isiyotikisika, mwanga wa kutosha, umeme uliofungwa ipasavyo, hewa inayopita na mpangilio unaoeleweka. Mashine huja baada ya hapo, moja moja, kila moja ikiwa imeitwa na kazi. Anayefuata utaratibu huu hutumia fedha kidogo, hufanya kazi iliyo sahihi zaidi na hupunguza sana uwezekano wa kuumia.

Ili kuona kwa nini, inafaa kuitazama kazi ya ufundi jinsi ilivyo. Sehemu kubwa yake ni kupima, kuchora alama na kushika. Kukata au kutoboa ni tendo la muda mfupi tu ndani ya maandalizi marefu. Ubao unaoteleza haukatiki wima hata kwa msumeno wa bei kubwa, na bomba linalozunguka mkononi halitoboki katikati hata kwa drili mpya. Ndiyo maana kitu cha kwanza katika karakana ni meza ya kazi yenye jiliwa, au vaizi kama mafundi wengi wanavyoiita. Meza huzuia kazi isikimbie, na kazi isiyokimbia huachia mikono yote miwili na macho yote mawili uhuru wa kuongoza kifaa. Mtu mwenye msumeno wa mkono, randa, patasi, tupa, skwea na meza imara anaweza kutengeneza stuli, fremu ya dirisha au kabati la jikoni. Mtu mwenye mashine tano na hana meza huishia kukanyaga ubao kwa mguu akiombea usiteleze.

Meza nzuri haihitaji duka la vifaa. Mbao nne za mbili kwa sita zikilazwa ubavu kwa ubavu hutoa uso wenye upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 5, ambao unatosha kwa kazi nyingi za nyumbani. Miguu hupatikana kwa mbao za nne kwa nne, au kwa mbili kwa nne mbili zilizounganishwa kwa gundi na bolti. Urefu wa mita moja na nusu hadi mita mbili hutosha banda la kawaida. Kimo ni jambo la mwili wa mtumiaji. Kwa watu wengi kinachofaa ni kati ya sentimita 85 na 95, na kwa anayepiga randa kwa wingi meza iwe chini kidogo ili uzito wa mwili usaidie mikono. Jiliwa ya chuma ifungwe juu ya mguu wa meza, si katikati ya uso ambapo kila pigo la nyundo litaufanya udunde, na sehemu ya juu ya meno yake iwe usawa wa kiwiko cha mtu aliyesimama, kwa sababu hapo tupa husukumwa mlalo bila bega kuchoka. Meza iwe nzito. Ikiwa mbao ni nyepesi, rafu ya chini ibebe mifuko ya mchanga, au miguu ifungwe ukutani. Ukiisukuma kwa nguvu zako zote ikatikisika, bado haijakamilika.

Hapa msomaji atanipinga, na pingamizi lake ni zito. Mbona mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam na wa Kamukunji jijini Nairobi hufanya kazi wakiwa wameketi chini, juani, bila meza wala paa, na bado masanduku, majiko na karai zao zimejaa katika nyumba zetu? Ni kweli, na ustadi wao unastahili heshima kubwa kuliko inayotolewa. Lakini tazama kilicho mbele ya mhunzi wa Kamukunji. Ni kipande cha reli au chuma kingine kizito kilichosimikwa, na juu yake ndipo bati hukunjwa na kunyooshwa. Kabla ya nyundo kulikuwa na kitu kisichosogea. Mafundi hao hawapuuzi kanuni ninayoitetea. Wameitimiza kwa vitu walivyovipata, na pale vitu vilipokosekana wameitimiza kwa mwili wao, kwa kubana kwa magoti na kukanyaga kwa nyayo, baada ya miaka mingi ya kujifunza. Gharama ya njia hiyo hulipwa na mgongo na magoti. Anayeanza karakana nyumbani hana miaka hiyo ya mazoezi, na hana sababu ya kuulipisha mwili wake kile ambacho mbao chache zinaweza kukibeba.

Baada ya meza huja mwanga, na hapa makosa ni mengi kwa sababu banda la gari halikujengwa kwa macho ya fundi. Kwa kawaida lina taa moja katikati ya dari, na meza imewekwa ukutani, hivyo anayefanya kazi huupa mwanga mgongo na kuiangushia kazi yake kivuli chake mwenyewe. Viwango vya taa za sehemu za kazi hupendekeza takriban luksi 300 kwa kazi za kawaida za karakana na 500 au zaidi kwa kazi za vipimo vidogo. Hesabu yake si ngumu. Banda la mita 3 kwa 6 lina mita za mraba 18. Ukitaka luksi 300 kila mahali, unahitaji lumeni 5,400 zinazofika kwenye kazi, na kwa kuwa sehemu ya mwanga hupotelea kwenye kuta na dari, tyubu nne za LED za futi nne, zenye wati 18 kila moja, ni makadirio mazuri. Mbili kati ya hizo ziwe juu ya ukingo wa mbele wa meza ili mwanga ushuke mbele ya uso wa fundi. Kuta na dari zipakwe rangi nyeupe, kwani ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuongeza mwanga bila kuongeza umeme. Kwa mstaafu suala hili ni la lazima zaidi, maana jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20.

Mwanga wa jua nao una mahali pake. Katika nchi zetu zilizo karibu na Ikweta, jua hupita juu ya vichwa mchana, likiegemea kaskazini sehemu ya mwaka na kusini sehemu nyingine. Jua la asubuhi na la jioni ndilo linaloingia chinichini na kumpiga mtu machoni. Kwa hiyo dirisha la karakana linafaa kuelekea kaskazini au kusini, na meza isiwekwe pale ambapo jua la magharibi litaigonga moja kwa moja saa kumi na moja jioni. Anayeweza kubadilisha bati moja la paa kwa bati linalopitisha mwanga atapata mwanga mwingi bila malipo, ingawa atapata joto pia, na ndiyo sababu matundu ya hewa karibu na paa ni ya lazima. Jambo jingine linalosahaulika ni tyubu za zamani zenye choki ya sumaku. Kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, tyubu hizo humeta mara 100 kwa sekunde, na chini ya mwanga wa namna hiyo diski inayozunguka inaweza kuonekana imesimama au inakwenda polepole. Hiyo ni hatari ambayo jicho haliwezi kuigundua lenyewe.

Suala la umeme linahitaji ukali zaidi, kwa kuwa hapa ndipo kununua mashine kwanza huonyesha madhara yake. Banda la kawaida lina soketi moja, iliyokusudiwa kuchaji betri au kuwasha redio. Plagi zetu za pini tatu za mraba zina fyuzi isiyozidi ampia 13, ambayo kwa volti 230 ni takriban wati 3,000 na si zaidi. Mwenye mashine nyingi huvuta ekstensheni kutoka sebuleni na kuzifunga zote humo. Tuchukue mfano wa kawaida. Waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba, wenye urefu wa mita 30, ukibeba ampia 10, hupoteza takriban volti 15 njiani, na nguvu hiyo iliyopotea, karibu wati 150, hugeuka kuwa joto ndani ya waya wenyewe. Waya huo ukiwa umeviringishwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea na plastiki huanza kuyeyuka. Waya wa milimita 2.5 za mraba kwa umbali na mzigo uleule hupoteza chini ya volti 5. Tofauti ya bei ya nyaya hizi mbili ni ndogo ukiilinganisha na mota iliyoungua kwa kukosa volti, sembuse nyumba iliyoungua.

Karakana kwa hiyo inahitaji njia yake yenyewe kutoka kwenye swichi kuu, yenye sakiti breka yake, waya wa unene unaofaa, ethi iliyopimwa na soketi kadhaa juu ya usawa wa meza. Taa ziwe kwenye njia nyingine, ili mashine ikiangusha breka fundi asibaki gizani karibu na diski ambayo haijaacha kuzunguka. Muhimu kuliko vyote ni kifaa ambacho mafundi umeme hukiita RCD, kinachokata umeme mara unapoanza kuvujia mahali pasipostahili, ukiwemo mwili wa mtu. Cha kulinda watu hukata kwa uvujaji wa miliampia 30, kwa sababu juu ya kiasi hicho mkondo unaopita mwilini unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Fyuzi ya ampia 13 haiwezi kufanya kazi hiyo, kwani mtu anaweza kufa kwa mkondo ambao fyuzi hata haijauhisi. Kazi yote ya kufunga ifanywe na fundi umeme mwenye leseni, ambayo Tanzania hutolewa na EWURA na Kenya hutolewa na EPRA. Na kabla ya kununua kifaa cha mitumba, soma kibandiko chake. Vifaa vya Japani hutumia volti 100 na vya Marekani 120, na vyote viwili huungua vikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi zetu. Mashine nyingi za viwandani nazo hutaka umeme wa fezi tatu, ambao nyumba ya kawaida haina. Aliyetangulia kuupanga umeme wake anajua mapema mashine gani anaweza kuikaribisha.

Hewa ni suala ambalo mafundi wetu wengi hulichukulia kama usumbufu, lakini ushahidi hauruhusu kulidharau. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani miongoni mwa vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2017 jopo lake liliweka moshi wa kuchomelea katika kundi hilohilo. Vumbi la mvule, mti tunaoupenda kwa milango na mashua, linajulikana kuwasha ngozi na kuchochea pumu kwa baadhi ya watu. Anayechomelea chuma chenye madini ya zinki, kama mabomba na mabati mengi ya madukani, huweza kupata homa na kutetemeka saa chache baadaye, kisha akadhani ni malaria. Vumbi linalodhuru zaidi ni lile jembamba linaloelea na kuingia ndani kabisa ya mapafu. Maranda makubwa yanayoanguka miguuni hayana madhara hayo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuithamini randa ya mkono, ambayo hutoa maranda pale ambapo mashine ya msasa hutoa wingu.

Tiba yake si mtambo wa gharama. Milango mikubwa ya banda ni neema ambayo viwanda vingi havina. Kazi ya msasa na ya kuchomelea ifanyikie mlangoni au nje kabisa, upepo ukitokea nyuma ya fundi, na ukuta wa pili uwe na matofali ya matundu ili hewa ipite moja kwa moja. Barakoa iwe ya daraja la N95 au FFP2, kwa sababu kitambaa kilichofungwa puani huzuia maranda na kupitisha vumbi jembamba, na kwa moshi wa kuchomelea hewa inayopita ndiyo kinga ya kwanza. Sakafu isafishwe kwa kitambaa chenye unyevu au mashine ya kunyonya, si kwa ufagio mkavu unaorudisha angani kile kilichokwisha tua. Injini ya gari au jenereta isiwashwe ndani hata mlango ukiwa wazi, kwani gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi na huua mtu akidhani ana usingizi. Masikio nayo yanahitaji ulinzi. Kelele za desibeli 85 huvumilika kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo nusu. Grenda inayofikia desibeli 100 humwachia mtu dakika 15 tu kwa siku nzima, na usikivu uliopotea haurudi.

Sasa tunaweza kuzungumzia mashine, na ninazizungumzia kwa heshima kwa sababu ni vyombo vyenye nguvu kweli. Chukua grenda ndogo ya diski ya milimita 115, pengine kifaa kinachonunuliwa kabla ya vingine vyote. Huzunguka mara 11,000 kwa dakika, hivyo ukingo wa diski huenda kasi ya mita 66 kwa sekunde, karibu kilomita 240 kwa saa. Diski za kawaida hutengenezwa kustahimili hadi mita 80 kwa sekunde. Sasa fikiria kinachotokea mtu anapoondoa kinga ili afunge diski kubwa ya milimita 230, ambayo imekusudiwa mizunguko isiyozidi takriban 6,600. Ukingo wake utaenda mita 132 kwa sekunde, mbali kabisa na uwezo wake, na ikipasuka vipande vyake vitaruka na kasi hiyo kuelekea usoni. Kufunga meno ya msumeno wa mbao kwenye grenda ni hatari ya aina hiyohiyo, kwa kuwa meno yakinasa kwenye ubao mashine nzima hurudi kwa fundi. Katika ajali za namna hii chanzo mara nyingi si mashine peke yake. Ni kipande ambacho hakikubanwa, mkono mmoja ulioshika kazi na mwingine ulioshika grenda, kivuli kilichoficha alama, na ekstensheni iliyozunguka miguuni. Mashine huongeza kasi ya kila kitu inachokikuta mahali pa kazi, ukiwemo udhaifu wa mahali penyewe.

Kwa hiyo mashine ya kwanza inayofaa kununuliwa ni drili ya mkono, kwa sababu kutoboa ndiyo kazi ambayo mkono mtupu huifanya kwa shida kubwa, na hatari yake ni ndogo kipande kikiwa kimebanwa. Baada yake njia hugawanyika kulingana na kazi. Mtu wa mbao atahitaji msumeno wa umeme wenye reli ya kuuongoza, na mtu wa chuma atahitaji grenda na baadaye mashine ya kuchomelea. Anayetengeneza magari atahitaji jeki nzuri na stendi za chuma kabla ya kifaa chochote cha umeme, maana mtu hapaswi kuingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Msumeno wa meza, unaoonekana kama alama ya karakana kamili, ninauweka mwisho kabisa. Huhitaji nafasi ya kupitisha ubao mzima mbele na nyuma, na hutumika kidogo kuliko wanunuzi wanavyodhani. Zaidi ya hayo, miji yetu ina utajiri ambao wengi hawauhesabu. Kwenye masoko ya mbao kuna mafundi wenye mashine kubwa za kupasua na kupiga randa kwa malipo madogo. Anayenunua mbao zake zikiwa zimenyooshwa na kupasuliwa huko tayari amefanya sehemu nzito ya kazi bila kumiliki mashine hata moja ya aina hiyo.

Mpangilio ndio unaofanya vitu hivi vyote vidumu. Banda la mita 3 kwa 6 linatosha ikiwa katikati ni wazi na kuta zinabeba mzigo, yaani ubao wa vifaa juu ya meza, rafu za juu za mbao, na mashine kwenye magurudumu zinazotolewa nje wakati wa kazi. Hospitali nyingi nchini Tanzania zimetumia njia ya Kijapani ya 5S, inayofundishwa kwa maneno matano, sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia, nayo inafaa karakana kwa namna ileile, kwani kila kifaa kinapokuwa na mahali pake panapojulikana, kinachokosekana huonekana kabla ya kufunga mlango. Mbao zisilale sakafuni wala kugusa ukuta, ili njia za mchwa zionekane mapema. Kwa wakazi wa Tanga, Mombasa na Unguja, hewa yenye chumvi hula chuma haraka, hivyo vifaa vya kukatia vifutwe kwa mafuta mepesi na kuhifadhiwa kwenye droo zilizofungwa. Petroli na tina zikae nje ya karakana, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yaanikwe yakiwa yametandazwa au yatiwe kwenye kopo la maji, maana yakirundikwa hupata joto yenyewe na kuwaka bila kiberiti. Mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe karibu na mlango, mahali mtu anapokimbilia.

Pingamizi la pili ni la fedha. Kijana anayetaka kuingiza kipato atasema kwamba mteja halipii meza wala taa, analipia geti, na geti halitengenezwi bila mashine ya kuchomelea. Simlaumu, na katika hali yake mashine hiyo ni ya lazima mapema. Lakini mteja huyo analipia pia geti lililo mraba, lisilopinda, lililofika siku iliyoahidiwa. Umraba hutoka kwenye uso ulionyooka wa kuunganishia, na muda hupotea kwa kutafuta vifaa na kurudia kazi iliyoharibika. Kijana mwenye mashine moja iliyo nzuri, juu ya meza nzuri, atashinda zabuni ya pili na ya tatu dhidi ya mwenye mashine nne sakafuni. Tena anapoajiri msaidizi, mahali pake panakuwa mahali pa kazi kisheria. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007, na zote mbili hudai mahali pa kazi pasajiliwe na pawe salama. Majirani nao wana haki zao, kwa hiyo kazi za kelele ziwe na saa zake na zisivuke jioni.

Pingamizi la tatu hutoka kwa mpangaji mwenye chumba cha kumi kwa kumi au kibaraza kidogo tu, anayeona kwamba maneno haya ni ya wenye nyumba. Naona kinyume chake. Kanuni ya kuanza na mahali inamsaidia zaidi mwenye mahali padogo, kwa sababu mashine hula nafasi kwanza na hurudisha faida baadaye. Meza yake iunganishwe kwa bolti na nati badala ya misumari, ili ifunguke anapohama. Jiliwa ndogo inayofungwa kwa skrubu kwenye ukingo wa meza, taa moja ya mkono unaopinda na sanduku moja la vifaa vizuri vya mkono vinatosha kutengeneza, kurekebisha na kujifunza. Vifaa vya mkono havina kelele za kuwaamsha watoto wa jirani wala mzigo wa kuuangusha umeme wa nyumba nzima. Watoto wa nyumbani kwake nao wafikiriwe, kwani patasi na kemikali zinahitaji sanduku lenye kufuli hata pale ambapo karakana ni kona tu.

Kuboresha karakana baada ya kuianzisha kunafuata mantiki hiyohiyo. Maboresho yaongozwe na kikwazo kilichojirudia, si na tangazo la duka. Ikiwa kila kazi inachelewa kwa sababu klampu hazitoshi, nunua klampu. Ikiwa vipimo vinakosewa jioni, ongeza taa. Na ikiwa kazi moja ya mkono inarudiwa kila wiki na kula saa nyingi, hapo ndipo mashine ya kazi hiyo imejipatia nafasi yake, na mnunuzi tayari anajua ukubwa anaouhitaji, umeme inaoutaka na mahali itakapokaa. Mnunuzi wa namna hii hadanganyiki kirahisi dukani, ambako bidhaa bandia ni nyingi, kwa sababu anajua anachokitafuta.

Mwenye banda tupu na akiba mkononi, kwa hiyo, namshauri agawe akiba hiyo kwanza kwa mbao za meza, jiliwa, waya, RCD, tyubu za mwanga na vifaa vichache vya mkono vilivyo bora, kisha afanye kazi kwa miezi kadhaa kabla ya kugusa senti ya mashine. Katika miezi hiyo atajifunza kupima, kunoa na kubana, maarifa ambayo hakuna mashine inayoyauza ndani ya sanduku lake. Na anapofika dukani kununua mashine yake ya kwanza, awe na majibu ya maswali matatu: itabanwa wapi, itavuta umeme kutoka njia ipi, na vumbi lake litatokea wapi. Akiweza kuyajibu yote bila kusita, ainunue bila hofu, kwani itamtumikia miaka mingi. Akishindwa hata moja, fedha hiyo bado ni ya banda, na banda ndilo litakaloamua kama mashine itakuwa msaada au balaa.